Siku ya Kugawa Majira

Jumatano, 3 Februari 2010. Upplands Väsby.

Theluji imefika kwenye ukingo wa dirisha la jikoni. Treni za kwenda mjini zinasimama ovyo tangu wiki iliyopita, na kipimajoto cha balkoni nimeacha kukitazama kwa sababu hakinisaidii kitu. Lakini baridi iliyonitesa leo ilikuwa ya ndani ya nyumba.

Binti yangu ana karibu miezi mitatu na hana jina.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikairudisha. Ndivyo ilivyo. Muuguzi wa kliniki anamwita "kadogo". Kwenye karatasi za serikali ameandikwa "msichana", kisha jina la ukoo. Sheria ya hapa inawapa wazazi miezi mitatu, na ofisi ya kodi, ambayo ndiyo huandikisha majina, imekwisha kutukumbusha kwamba muda wetu unaisha Ijumaa. Yaani keshokutwa.

Kwa anayesoma blogu hii kwa mara ya kwanza: mimi ni Mbukusu wa Kimilili, Kenya. Mume wangu Daisuke ni Mjapani wa Kanazawa. Tulikutana hapa Stockholm kwenye darasa la Kiswidi, sote wawili tukishindwa kutamka namba saba. Kiswidi chetu kibovu ndicho kilichotuoza, na mpaka leo ndicho tunachozungumza nyumbani. Yeye hajui Kiswahili, mimi sijui Kijapani. Haikuwahi kuwa shida.

Mpaka mama zetu walipokuja.

Okasan ndivyo ninavyomwita mama mkwe wangu; ni neno lao la "mama". Alifika katikati ya Novemba, mtoto akiwa bado mwekundu wa kuzaliwa. Sandukuni mwake mlikuwa na picha mbili ndefu za kuning'iniza, zilizochorwa kwa wino na kuzungushiwa hariri, zimekunjwa kama mikeka midogo. Moja ni ya majira ya baridi: shomoro wawili juu ya mwanzi uliolemewa na theluji. Nyingine ni ya majira ya kuchipua: tawi jeusi la mti wa plamu lenye maua machache meupe. Alileta hizo mbili tu kwa kuwa ndizo ambazo angekuwepo kuzitazama. Za joto na za majani kupukutika zimebaki kabatini Kanazawa. Akachagua ukuta sebuleni, akamwomba Daisuke aondoe picha yetu ya harusi, akatundika shomoro wake.

Mama yangu alifika kabla ya Krismasi. Swali lake la kwanza, hata koti hajavua, lilikuwa: "Picha ya harusi iko wapi?"

Tangu siku hiyo nimeishi kati ya wanawake wawili wanaoheshimiana kama watu wanaobeba kabati moja kupanda ngazi. Kila mmoja anangoja mwenzake ateleze.

Okasan anaishi kwa majira. Sijui niseme vipi bila kumfanya aonekane wa ajabu, maana si wa ajabu. Kwao ni ustaarabu kuyatangulia majira kidogo, na ni aibu kuyachelewa. Picha ya maua hutundikwa kabla maua hayajachanua. Yakishachanua nje, ya ukutani yana kazi gani? Barua zao huanza kwa kutaja hali ya majira, ndipo mtu aulizwe afya. Vikombe vya chai, vitafunio vitamu vya kunywea chai, figili anazozikata umbo la ua, vyote vinafuata kalenda moja iliyo kichwani mwake. Na kwa kalenda hiyo ya zamani, leo ndiyo siku ya mwisho ya baridi. Wanaiita setsubun, kugawanyika kwa majira. Kesho ni kuchipua.

Kesho! Na gari la jirani limefukiwa hata rangi yake haionekani.

"Huyu mwenzangu ana haraka ya nini?" Mama huniuliza.

Lakini Mama naye ana majira yake. Sisi Wabukusu mtoto hubeba wakati aliozaliwa. Akizaliwa mvua ikinyesha ni Nafula, kama ni msichana. Wakati wa palizi ni Naliaka. Wakati wa ukame ni Nasimiyu. Akizaliwa watu wakivuna ni Nekesa. Novemba mapema, kwetu Kimilili, mahindi yanatolewa shambani. Tena Nekesa lilikuwa jina la bibi yangu, mama yake Mama, tuliyemzika mwaka juzi. Kwa Mama, hapakuwa na la kujadili. Mtoto akilia jioni, na huyu hulia kila jioni mpaka midomo inageuka rangi, Mama hutikisa kichwa na kusema, "Kukhu anabisha hodi na hamumfungulii."

Kukhu ni bibi; kwetu aliyekufa hudai jina lake kupitia kilio cha mtoto.

Okasan anataka Koharu. Daisuke alipotafsiri mara ya kwanza alisema tu kwamba maana yake ni kuchipua kudogo. Mama akacheka bila furaha. "Mtoto kazaliwa Novemba, gizani, jua halionekani, halafu mnamwita kuchipua? Si uongo huo?" Hilo sikulitafsiri. Nilimwambia Daisuke kwamba Mama amesema ni jina zuri. Nikaona aibu, lakini nikaendelea hivyo hivyo, wiki baada ya wiki, nikichuja maneno ya huku na ya kule mpaka kila mmoja akabaki akimsikia mwenzake kupitia pamba.

Msiniambie tungempa yote mawili. Tulijaribu. Kila mmoja alikubali, mradi lake liwe la kwanza.

Na Daisuke? Daisuke alisema, "Nyinyi mkikubaliana, mimi nitasaini." Kisha akaenda kazini.

Sasa nakiri hapa kitu ambacho sijakitamka popote. Mimi sikutaka hata moja. Nilitaka Elin. Jina jepesi, la hapa, ambalo mwajiri akilisoma hainui macho kutazama tena. Nimetuma maombi mengi ya kazi katika nchi hii, na najua kimya kinavyosikika. Na kuna lingine zaidi ya hilo. Mimi naitwa Nanjala. Nilizaliwa wakati wa njaa, chakula cha zamani kimekwisha na kipya hakijakomaa. Kule Bungoma ni jina la kawaida kabisa. Lakini nilisoma shule ya bweni Nairobi, na nikiingia bwaloni kulikuwa na wasichana waliopiga kelele, "Njaa amefika, ficheni sahani!" Walicheka. Nami nilijifunza kucheka nao.

Nilijiapia kwamba mtoto wangu hatabeba hali ya hewa ya mtu yeyote.

Basi leo.

Asubuhi Okasan alishusha shomoro, akawakunja taratibu kwa mikono miwili, akatundika tawi la plamu. Mama alikuwa kwenye kochi na mtoto mapajani. Alitazama kazi yote. Tawi lilipokwisha kunyooka ukutani alinikabidhi mtoto, akajifunga shuka lake na kuvaa mabuti, akasema anakwenda kusali kwa Mama Furaha. Mama Furaha ni Mkongo wa Uvira, anakaa jengo la pili kutoka letu, na ndiye mtu pekee hapa Väsby ambaye Mama anaweza kuongea naye mchana kutwa bila kunihitaji mimi.

Mama akisali kwa Mama Furaha harudi kabla ya giza. Mimi na Daisuke tulikuwa tumeweka hesabu zetu hapo. Maana siku ya setsubun ina jambo lake, na jambo lenyewe hatukutaka Mama alione.

Ni hivi. Majira yanapogawanyika, Wajapani husema panabaki mwanya, na kupitia mwanya huo mabaya huweza kuingia nyumbani. Kwa hiyo hukaangwa maharagwe ya soya, mmoja wa nyumbani huvaa kinyago cha pepo mwenye pembe, na wenzake humrushia maharagwe na kumfukuza mpaka nje ya mlango. Wanapaza sauti: pepo nje, heri ndani! Watoto huipenda sana. Daisuke alinisimulia akicheka, jinsi baba yake alivyokuwa akikimbia na kinyago huku suruali ikimtoka. Okasan alitaka lifanyike mara moja tu kwa ajili ya mjukuu, kabla hajarudi kwao. Ningemkatalia vipi? Kila siku tulikuwa tukimkatalia jina.

Daisuke alitoka kazini mapema. Saa kumi kasorobo tulikuwa sebuleni: mimi na mtoto begani, Okasan na kisanduku cha mbao kilichojaa maharagwe, Daisuke na pembe za karatasi nyekundu kichwani, akinguruma. Okasan, mwanamke anayefunga droo za jikoni bila sauti, alipaza sauti ambayo sikujua anayo. Akarusha. Maharagwe yakagonga ukuta, meza, kinyago. Daisuke akarudi nyuma kwenye korido, akakamata kitasa, akafungua mlango ili afukuzwe vizuri.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo mkononi.

Nyuma yake Mama Furaha, theluji mabegani, sufuria ya pondu, kisamvu cha kwao, mikononi.

Mkono wa Okasan ulikuwa umekwisha kurusha. Konzi nzima ya maharagwe ilimpiga Mama kifuani, pamoja na yale maneno.

Kisha mtoto akaanza kulia.

"Yesu wangu!" Mama Furaha alikuwa wa kwanza. Alikuwa anamtazama Daisuke na pembe zake. "Ni nini munafanya mu nyumba ya mutoto? Ile ni maneno ya mashetani!" Akaweka sufuria chini pale pale ngazini na kuanza kuomba kwa sauti, mkono mmoja juu. Mlango wa jirani ulifunguka kidogo, ukafungwa.

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alijipangusa kifua polepole, akaniangalia.

"Amesema nini?"

"Mama, ni desturi tu ya kwao, ni mchezo wa watoto…"

"Sikukuuliza ni nini. Nimekuuliza amesema nini wakati ananirushia."

Ningeweza kuchuja, nina uzoefu. Lakini macho ya Mama yalikuwa usoni mwangu na mtoto analia sikioni na Mama Furaha anakemea pepo kwa majina. Sikupata uongo wa haraka.

"Amesema pepo atoke nje."

"Na mimi ndiyo nilikuwa naingia."

"Mama, hakukuona…"

Okasan alikuwa ameinama mpaka kichwa kinakaribia magoti, kisanduku bado mikononi, akirudia neno moja la kuomba radhi. Daisuke alisukuma kinyago juu ya paji la uso, akasimama hivyo, pembe zikitazama dari. Nilimwonea huruma na hasira kwa pamoja.

Mama aliingia na mabuti yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya humu. Akainama. Akaokota harage moja karibu na viatu, akalinusa, akalitia mdomoni, akalitafuna.

"Hiki ni chakula," alisema.

Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa kama anashangaa peke yake.

"Nilidhani ni kokoto. Kumbe ni chakula. Anamwaga chakula sakafuni, na watu wanakanyaga."

Akapita hadi chumba cha mtoto, anakolala, akavuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda. Nilimfuata. Mama Furaha akatufuata sote, akisema, "Twende kwangu, mama. Nafasi iko. Utalala kwangu." Mama alikuwa anakunja kitenge ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini mjue, nikitoka natoka na jina la mama yangu. Mtoto wenu mtamwita mnavyotaka. Mwiteni pepo."

Nikamgeukia Mama Furaha. "Mama yangu, nakuomba, tuachie nafasi kidogo." Alinitazama kama niliyemtukana. Labda nilimtukana. Akaondoka, na nikamsikia akiokota sufuria yake ngazini. Kesho nitakwenda kumwomba msamaha.

Halafu likatoka. Sikulipanga.

"Basi nenda nalo! Sitaki jina la majira. Si la kwako, si la kwake. Nimechoka! Ulinipa njaa, Mama. Majina yote ulimwenguni, ukanipa njaa. Miaka thelathini na tatu naitwa njaa, na hujaniuliza hata siku moja inauma vipi!"

Mama aliacha kukunja.

Daisuke alikuja akamchukua mtoto begani mwangu. Okasan alikuwa mlangoni nyuma yake. Alimuuliza kitu kwa sauti ndogo, na sikuhitaji kujua Kijapani kuelewa. Lilikuwa swali lile lile. Amesema nini?

Daisuke akaniangalia. "Nitafsiri?"

"Tafsiri."

"Yote?"

"Yote. Na ile ya uongo pia. Na ile ya pepo, na chakula. Yote."

Basi nikamwambia kwa Kiswidi, naye akamwambia mama yake kwa Kijapani, sentensi baada ya sentensi, bila pamba. Ilichukua muda mrefu. Nilimwona Okasan akisikia kwamba jina alilolichagua limeitwa uongo. Nilimwona akisikia jina langu lina maana gani. Hapo alinitazama mimi, kisha Mama, na uso wake ukabadilika. Hakuonekana kuudhika. Alionekana kama mtu aliyesikia lafudhi ya kwao katika nchi ya mbali.

Akakaa chini sakafuni, magoti yamekunjwa. Akazungumza. Daisuke alitafsiri akimwelekea Mama, si mimi, na mimi nikageuza Kiswidi chake kuwa Kiswahili.

Alisema alizaliwa majira ya baridi baada ya vita kwisha. Mama yake hakuwa na maziwa kwa sababu hakuwa na chakula. Setsubun ya mwaka ule nyumbani kwao hapakuwa na harage hata moja la kurusha. Wazazi wake walifungua mlango na kupiga kelele tu, mikono mitupu. Baadaye mambo yalipokuwa afadhali, na maharagwe yakapatikana, kila lililorushwa liliokotwa. Mama yake alikuwa akiinua mpaka mikeka kutafuta lililojificha. Yalipanguswa, yakaliwa. Mpaka leo, alisema, yeye haachi hata moja. Leo pia angeokota yote. Hatupi chakula. Anaomba Mama amwamini katika hilo, hata kama hamwamini katika mengine.

Mama alikuwa amekaa juu ya sanduku.

Okasan akaendelea. Baba yake, alisema, alimpa jina la kitu ambacho hakikuwemo ndani ya nyumba. Alimwita Minori.

Daisuke alilitafsiri neno hilo kwa Kiswidi, nami nikanyamaza.

"Amesema nini?" Mama aliuliza.

"Amesema anaitwa Minori."

"Minori ndiyo nini?"

Nililijua jina hilo. Nilikuwa nimeliona kwenye tiketi yake ya ndege. Lakini katika miaka yote sikuwahi kumwita kwa jina, wala kuuliza maana yake. Kwangu alikuwa Okasan, na kwa Mama alikuwa Mama Daisuke. Ndivyo adabu inavyotaka, kwetu na kwao.

"Ni mavuno, Mama. Ni wakati mazao yanakomaa yanavunwa. Ni Nekesa."

"Huyu anaitwa Nekesa?"

"Ndiyo."

Mama alimtazama yule mwanamke sakafuni. Nilidhani atafurahi. Nilidhani tumefika, kwamba mambo yamejimaliza yenyewe, mtoto ataitwa Nekesa na bibi zake wote wawili watakuwa wameshinda. Nilianza hata kutabasamu.

"Basi haiwezekani," Mama alisema.

"Nini haiwezekani?"

"Jina la mama yangu lilikuwa huru kwa sababu mwenyewe amelala. Sasa naambiwa lina mtu. Mtu mzima, anapumua, tunakula naye meza moja. Nimwite mtoto jina la bibi yake aliye hai? Si ni kumwambia apishe njia? Unataka nimzike mwenzangu kwa mdomo wangu?"

"Mama, ni Wajapani, hawahesabu hivyo…"

"Mimi nahesabu hivyo."

Nikatafsiri. Daisuke akatafsiri. Okasan aliweka kiganja mdomoni. Kisha alisema neno moja, na Daisuke akasema, "Anauliza, mama yako anaacha jina la mama yake kwa ajili yake?"

"Mwambie asiringe," Mama alisema. "Na mwambie ainuke, sakafu ni baridi."

Hapo ndipo Okasan alipocheka, machozi yakiwa bado yanashuka. Lakini hakuinuka. Alianza kuokota. Harage moja, lingine, akiyaweka kwenye kiganja, akisogea kwa magoti kuelekea korido. Mama alimtazama kidogo, akavua mabuti, akashuka naye chini. Anaumwa goti, Mama, na kila mara huniambia goti hilo halikunjiki. Leo lilikunjika. Hawakusema kitu kwa sababu hakuna lugha. Mama alikuwa anaonyesha kidole, chini ya rafu ya viatu, na Okasan akifikia.

Daisuke alikaa pembeni ya kitanda na mtoto aliyekwisha kunyamaza kwa uchovu. Akaniambia kitu ambacho sikuwa nakijua.

Siku mbili baada ya mtoto kuzaliwa, nikiwa bado wodini, alitoka nje kutafuta mkate. Ilikuwa imenyesha na kuganda wiki nzima. Ghafla mawingu yakaachana, jua likatoka, jua la Novemba, na kwa muda mfupi pale kwenye maegesho ya hospitali kukawa na joto kiasi kwamba alifungua koti, akakaa kwenye benchi. Akampigia mama yake. Akamwambia, nina binti, na niko nje bila kufunga koti. Na Okasan akasema papo hapo: koharu. Kwao siku hizo zina jina. Si majira ya kuchipua yenyewe. Ni joto dogo linalokuja baridi ikiwa imekwisha kuanza, na kila mtu anajua baridi bado ipo mbele.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza.

"Nilisema ni kuchipua kudogo."

"Kwa nini hukusema *hivyo*?"

Alifikiri. Daisuke akifikiri anatazama vidole vyake. "Niliogopa ukilipenda, mama yako ataumia. Na usipolipenda, nitaumia mimi."

Nimeolewa na mtu huyu miaka minne.

Mama aliingia na konzi ya maharagwe. Alikuwa anatafuna. "Yanahitaji chumvi," alisema, akakaa karibu nami. Nikamweleza habari ya benchi na jua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe wanajua kwamba ni baridi," alisema. "Hawadanganyi."

"Hawadanganyi."

"Na wewe? Ulitaka aitwe nani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Novemba nzima, Desemba, Januari.

"Elin."

"Elin maana yake nini?"

Nilifungua mdomo. Nikatambua sijui. Nililipenda kwa sababu ya kazi ambayo huenda ataomba akiwa mtu mzima, barua ambayo mtu fulani ataisoma bila kusita.

"Sijui, Mama. Ni jina la kuombea kazi."

Hakucheka. Alinitazama kwa namna ambayo ilinifanya nitake kulia. "Nchi inakuumiza hivyo?" aliuliza.

Nikasema wakati mwingine.

Tumeandika karatasi mezani, baada ya kula. Koharu. Peke yake, bila la pili. Nilishika kalamu mimi. Daisuke alisaini, kisha mimi. Kesho Daisuke ataipitisha mwenyewe ofisi ya kodi kabla ya kazi, treni zikitembea. Okasan aliiomba aitazame, ingawa haisomi, akaishika kwa mikono miwili kama anavyoshika kila kitu.

Sijui kama nimefanya sawa. Sikulichagua kwa sababu wao wamepatana. Hilo ningeweza kulifanya tangu Desemba nikaishi na kinyongo. Nililichagua kwa ajili ya yule mtu kwenye benchi, koti wazi, aliyejua baridi inakuja na akakaa juani hata hivyo. Na waajiri? Sijui. Labda miaka hiyo ikifika watakuwa wamezoea. Labda hawatakuwa, na atanilaumu, na nitastahili.

Okasan amelala. Mama alikuwa jikoni akisuuza vikombe, nami nikasimama karibu, kitambaa mkononi. Nilikuwa na swali, na nilijua nisipouliza leo sitauliza tena.

"Mama, kwa nini hukunipa jina la unachokitaka? Kama baba yake Okasan?"

Aliendelea kusuuza.

"Hayo ndiyo majira yaliyokuwepo," alisema. "Ningekudanganya?"

Akanipa kikombe nikipanguse.

Nimekaa na jibu hilo tangu wakati ule. Bado linauma. Lakini linauma mahali pengine, na sina hakika kama ni maumivu yale yale ya bwaloni.

Mtoto amelala mapema leo, kwa mara ya kwanza. Nimeinama juu ya kitanda chake nikamwita kwa jina, sauti ya chini, mara moja tu. Hakuamka. Mkono wake mmoja ulifunguka, ukajifumba.

Sijui kama amekubali.

Nitamwita tena asubuhi.